Mbogi Yako Inachangia Makao ya Watoto Desemba Hii? Soma Hii Kwanza

Desemba unajua vile huenda. Mtu anafungua grupu ya WhatsApp, kila msee anatuma soo tatu kwa M-Pesa, na Jumamosi mbogi inapanda mat na unga, mafuta, sukari na nguo zenye hazituingii tena. Mnafika kwa makao ya watoto, watoi wanawakimbilia, mnakata keki, mnapiga picha. Saa kumi mmeondoka. Jumapili Insta imejaa.

Mimi pia nimefanya hivyo, mara mbili, sitajifanya mtakatifu. Chenye kilinikaa kichwani ni katoto fulani, miaka kama minne, kalikuja kukaa kwa mapaja yangu kabla hata sijasema jina. Nikadhani nina mvuto. Baadaye ndio nilishtuka: mtoi analelewa na mamake hakai kwa mtu hajui hivyo. Kale kamezoea watu wa kuja na kupotea, kila wikendi sura mpya.

Gava yenyewe ilishaona kuna shida. Novemba 2017 ilisimamisha usajili wa makao mapya. Mwaka 2022 ikazindua mpango wa miaka 10, hadi 2032, wa kutoa watoi kwa makao na kuwarudisha kwa familia. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo inataka makao yawe njia ya mwisho. Kwanza ni mzazi, kisha shosho, anti, ankol. Hao wakikosekana, kuna malezi ya kambo: familia ingine inamlea mtoi kwa muda, na afisa wa watoto anafuatilia. Kwa Waislamu kuna kafala, na sheria sasa inaitambua. Kuasili ni kitu tofauti, hapo mtoi anakuwa wako maisha yote.

Kwa nini hii yote? Juu wengi wa hao watoi si mayatima. Wako na mzazi ama ndugu mahali. Wengi walipelekwa huko juu ya umaskini: mathe amefutwa kazi, fee imemshinda, na ameskia kule kuna chakula na shule. Sasa fikiria hii vizuri. Chapaa yenye ingemsaidia huyo mathe kuuza mboga na kukaa na mtoi wake, sisi tunaipeleka pale mtoi alienda baada ya mathe kushindwa. Mathe hana bango kwa geti. Hakuna mtu hupiga selfi na yeye.

Na makao mengi yanaishi kwa wafadhili. Mfadhili anahesabu vichwa. Kitanda kikibaki wazi, maswali yanaanza. Sisemi kila mwenye makao ni tapeli, hapana. Kuna wenye wamekomboa watoi kwa manyumba zenye wangeuawa, na wakawapeleka shule kwa jasho lao. Lakini mfumo wenyewe unalipa mtoi akibaki, haulipi akirudi home. Hata mtu poa atavutwa na hiyo.

Kuna upande mwingine wa giza. Mmarekani mmoja alianzisha makao Bomet mwaka 2008. Mwaka 2021 alifungwa kwao zaidi ya miaka 15 kwa kudhulumu kingono wasichana alikuwa anawalea. Kwa hivyo makao yakikufungulia geti na kukuachia watoi bila hata kuuliza kitambulisho, usifurahie vile wako na ukarimu. Jiulize nani mwingine amefunguliwa hivyo.

Wasee wataniuliza, kwani tukae home? Zii. Kujitolea kupo, ni vile tu hakuna keki. Enda kwa ofisi ya watoto ya kaunti ndogo yenu, uliza kuhusu watu wa kujitolea kwa ulinzi wa watoto. Hao ndio hujua kwa ploti mtoi gani anapigwa, nani ameacha shule, na familia gani imerudishiwa mtoi juzi na inahitaji mtu wa kuichungulia. Ukiona mtoi anateswa, piga 116, ni bure. Na kama ni mchango, uliza hao hao ni familia gani imebakisha kidogo tu ianguke. Soo tatu mara wasee 20 ni thao sita. Hiyo ni stoku ya kibanda.

Halafu kuna wale wenye hakuna mtu hukumbuka: waliofika miaka 18. Wakiwa wadogo kila mtu alitaka kuwabeba. Wakimea ndevu, mbogi zinapotea. Mtu anatoka kwa makao na mfuko wa nguo, hajawahi kulipa renti, hajawahi kununua gesi, na akiugua usiku hana wa kupigia. Waliopitia hayo wako na chama chao, Kenya Society of Care Leavers, na wamepiga hii kelele miaka mingi.

Hapa ndipo msee wa miaka 24 ako na kitu ya kutoa. Unajua kupanga na caretaker, kupambana na eCitizen, kutafuta kibarua bila kuibiwa doh za "usajili". Mtu mmoja, si makao mzima. Namba ya simu yenye haitabadilika, na mahali pa kula chapo siku ya Krismasi, mwaka huu na ule mwingine.