Kufungua moteri nyumbani si haya. Haya ni kuifungua ovyo

BUKAVU, Kivu ya Kusini – Siku ya posho asubuhi, katika lupango nyingi za Kadutu, Panzi na Bagira, si ajabu kukuta pikipiki imeegemezwa ukutani, moteri iko wazi, na kijana amekaa juu ya kidumu akigeuza pistoni mkononi. Watoto wamemzunguka. Jirani mmoja anacheka: «Huyo ataiua kabisa.» Mwingine anauliza amesomea garaji gani. Hajasomea popote. Amejifunza kwa kutazama, kwa kuuliza wakubwa, na kwa video za simu siku ambazo umeme na mega vimepatikana pamoja.

Juu ya watu wa namna hii maneno ni mengi. Mafundi wa garaji wanasema wanaharibu moteri kisha wanawaletea wao maiti. Wenye pikipiki wanaogopa mali yao kuguswa na mtu asiye na jina. Akina mama wanalalamika juu ya harufu ya esansi na mafuta meusi katika lupango. Malalamiko hayo yana ukweli. Lakini jibu la kuwacheka ao kuwakataza halifai, kwa sababu halitazami kinachowafanya wafungue moteri nyumbani.

Tangu Goma ilipotekwa mwishoni mwa Januari 2025 na M23 kuingia Bukavu katikati ya Februari mwaka huo, benki zilifunga milango, uwanja wa ndege wa Kavumu ulisimama, na pesa ikawa ngumu kuonekana. Familia zilizokimbia Kalehe na sehemu nyingine zilifikia kwa ndugu ao kwa watu wenye roho nzuri. Aliyefaulu kukimbia na pikipiki yake alikimbia na shamba, duka na akiba yake vyote pamoja. Pikipiki hiyo ikianza kutoa moshi na kukataa kupanda, hana pesa ya kupeleka garaji, na hana siku kumi za kungoja. Anaifungua. Kwake, kujua ndani ya moteri kuna nini ni sawa na mkulima kujua udongo wake.

Tena moteri hizi si mlima usiopandika. Pikipiki nyingi za bei ndogo zinazotoka Uchina zinafuata muundo wa Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976: silinda moja, ujazo wa sentimita 124 za mchemraba, kupozwa na upepo tu. Honda ilitaka moteri inayovumilia mizigo, barabara mbaya na matunzo kidogo. Yaani ilifikiriwa kwa ajili ya mahali kama hapa, ambapo garaji iko mbali na funguo ni chache. Mtu mwenye subira anaweza kufungua sehemu yake ya juu, kubadilisha kilichochoka na kuifunga tena. Kinachokosekana mara nyingi si akili, ni utaratibu.

Kosa la kwanza la fundi wa nyumbani ni kufungua kabla ya kujua ugonjwa. Moshi una lugha yake. Moshi wa rangi ya buluu, wenye harufu ya mafuta yaliyoungua, unasema mafuta ya moteri yanaingia mahali pa kuchomea: pete za pistoni zimechoka, ao mipira ya supape imekauka. Moshi mweusi unasema jambo lingine kabisa: esansi ni nyingi kuliko hewa. Hapo anayefungua silinda anajitesa bure. Mara nyingi filitre ya hewa imejaa vumbi, ao karbirateri haikupimwa vizuri.

Na Bukavu ina sababu yake ya pekee. Mji huu uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na hapa hewa ni nyepesi kuliko Mombasa ao Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja kati ya sita. Karbirateri iliyopangwa kwa hewa ya pwani inamwaga esansi kupita kiasi ikifika huku. Moteri inazubaa, buji inakuwa nyeusi, na mwenye pikipiki anaambiwa «pistoni imekufa» wakati pistoni ni nzima. Ni pesa ngapi zimeliwa kwa njia hiyo, kila motari anaweza kuhesabu zake.

Kuna jaribio la bure ambalo kila mtu angepaswa kulijua kabla ya kugusa ufunguo. Toa buji, ziba tundu lake kwa kidole, piga kiki na usikie nguvu ya hewa inayosukuma. Kisha mimina ndani kijiko kidogo cha mafuta ya moteri, na piga kiki tena. Nguvu ikiongezeka, mafuta yameziba nafasi kati ya pete na silinda, kwa hiyo ugonjwa uko kwenye pete ao silinda. Isipoongezeka, tafuta kwenye supape. Jaribio hilo linachukua dakika tano na linaweza kuokoa bei ya vyuma ambavyo havikuhitajika.

Kosa la pili ni kununua kwa macho. Kijana anafungua, anaona pistoni ina mikwaruzo, anakimbilia sokoni kununua pete mpya na kuziingiza katika silinda ya zamani. Moshi unarudi baada ya wiki mbili, na lawama inaenda kwa muuzaji. Labda silinda yenyewe imeliwa, imekuwa kama yai. Pete mpya haiwezi kuziba tundu lisilo duara. Njia ya kujua ni kupima. Pete inaingizwa peke yake ndani ya silinda, inasukumwa kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha nafasi kati ya ncha zake mbili inapimwa kwa vile vibati vyembamba vya kupimia. Kitabu cha kila pikipiki kinatoa kikomo. Kwa moteri nyingi ndogo ni karibu nusu milimita. Silinda ikiwa imeliwa, inapelekwa kwa mchonga chuma aipanue, na pistoni kubwa kidogo inanunuliwa. Pistoni hizo zinapatikana kwa hatua za robo milimita: 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Kazi hiyo ya mashine si ya nyumbani, na hakuna aibu kuilipia.

Kosa la tatu ni haraka. Anayefungua bila kupanga atafunga bila kujua. Kipande cha karatoni kinatosha: chora moteri, toboa matundu, na ingiza kila bolti mahali pake. Simu ipige picha kabla ya kila hatua. Bolti za kichwa cha moteri zilegezwe kidogo kidogo kwa njia ya msalaba, moteri ikiwa imepoa, la sivyo kichwa kinapinda. Tundu la chini lifunikwe kwa kitambaa safi, kwa sababu kile kiduara kidogo kinachoshika pini ya pistoni kikidondoka ndani, kazi ya siku moja inakuwa ya wiki. Na kiduara hicho hakirudishwi cha zamani. Gasketi pia zisirudishwe za zamani. Alama juu ya pistoni ielekee upande ilikotoka. Nafasi za pete zisikae mstari mmoja. Nafasi ya supape ipimwe moteri ikiwa baridi. Kwa pikipiki nyingi za aina hii ni karibu unene wa karatasi ya daftari.

Kuna mahali pa kusimama pia. Vilebrekeni, ile shafti nzito ya chini, inatengana na kuungana kwa nguvu ya mashine, si kwa nyundo juu ya jiwe. Kelele ya kugonga ikitoka chini, fundi wa nyumbani afunge sanduku lake na aipeleke kwa mwenye vyombo. Kujua mahali ujuzi wake unapoishia ni sehemu ya ujuzi huo.

Hata hivyo, hatari kubwa kuliko zote haiko ndani ya moteri. Huku kwetu neno «moto» ni la pikipiki na ni la ule unaounguza, na katika nyumba za mbao za Kadutu yote mawili yanaweza kukutana usiku mmoja. Watu wa huko hawahitaji kufundishwa: nyumba zimebanana, njia ni nyembamba, gari la kuzima moto halina pa kupita, na cheche moja inaweza kumaliza avenyu. Sasa angalia desturi ya kuosha vyuma kwa esansi ndani ya sahani, ndani ya nyumba, mbabula ikiwaka hatua tatu tu kutoka hapo. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini sakafuni mpaka ufikie makaa, kisha unarudisha moto kwenye sahani. Anayeosha haoni kitu mpaka mikono yake iwake.

Kwa hiyo hapa msimamo lazima uwe mkali: esansi haioshi vyuma ndani ya nyumba, hata siku moja, hata mvua ikinyesha. Mazutu inafanya kazi ileile na haishiki moto upesi hivyo. Tanki itolewe kwanza na kuwekwa mbali. Kazi ifanyike nje, mchana, watoto wakiwa mbali, na ndoo ya mchanga karibu. Kwa mkimbizi wa ndani anayelala kwa familia iliyompokea, jambo hili lina uzito mara mbili. Kabla ya kufungua bolti ya kwanza, amwombe ruhusa mama mwenye nyumba, amwonyeshe mahali atakapofanyia na siku atakayomaliza. Ukarimu wa watu wa Bukavu umevumilia mengi, usichomwe na sahani ya esansi.

Kuna pia mafuta machafu. Yakimwagwa katika mfereji, mvua inayapeleka Ziwa Kivu, na maji ya REGIDESO yakikatika, watoto wanateremka na vidumu kuchota katika ziwa hilohilo. Kidumu cha zamani chenye kifuniko kinatosha kuyatunza, na wapo wanaoyahitaji kwa kupaka mbao dhidi ya mchwa.

Baada ya kufunga, inakuja sehemu ambayo wengi wanashindwa: kungoja. Pete mpya na silinda iliyochongwa zinahitaji kuzoeana, ndiyo ile inaitwa rodaji. Kilomita 500 za kwanza ziwe za upole: mtu mmoja, mwendo unaobadilika, hakuna kupakia abiria watatu na gunia la makala kupanda Bagira kutoka Brasserie. Mafuta yabadilishwe mapema, kwa sababu yamebeba unga wa chuma. Motari atauliza: nitakula nini siku hizo? Ulizo ni la haki. Lakini anayedai ile pesa ya kila siku kuanzia kesho yake ya matengenezo, yaani mwenye pikipiki, ajue kwamba anaila moteri yake mwenyewe. Afadhali apunguze dai lake kwa wiki moja kuliko kununua silinda nyingine kabla ya mwezi kuisha.

Na usalama? Moteri inayokamata ghafla kwenye mteremko inafunga gurudumu la nyuma. Abiria aliye nyuma, mara nyingi mama na mtoto mgongoni, hakuambiwa kwamba pistoni iliingizwa jana usiku kwa mwanga wa simu. Hiyo ndiyo sababu kazi hii si mchezo wa mtu mmoja katika lupango yake. Inagusa barabara nzima.

Nini kifanyike basi? Kwanza, vyombo. Vibati vya kupimia na ufunguo wa kupima nguvu ya kukaza bolti ni ghali kwa mtu mmoja, lakini si ghali kwa kundi. Kartie nyingi zina AVEC na likelemba ambazo zinawekeana pesa kila wiki. Sanduku moja la vyombo, likiandikwa nani amekopa na lini amerudisha, lingehudumia avenyu kadhaa. Pili, mafundi wa garaji waache kuwaona vijana hawa kama maadui. Fundi anayekubali kukagua kazi ya nyumbani kabla haijawashwa, kwa malipo madogo, hapotezi mteja. Anapata mteja wa kesho, na anaokoa jina la ufundi. Tatu, kati ya waliokimbia vita wamo mafundi wa kweli waliofika bila funguo hata moja. Wanaitwa «wahamaji» na kupewa maharagwe, wakati wangeweza kupewa wanafunzi. Viongozi wa avenyu na parokia wanaowaandika kwa ajili ya msaada waongeze ulizo moja katika karatasi yao: unajua kazi gani? Na wasichana wasifukuzwe karibu na moteri. Vibati vya kupimia havichagui mkono.

Jirani anayecheka siku ya posho angefanya vizuri zaidi kuuliza maulizo matatu: Umejaribu ule mtihani wa kijiko cha mafuta? Tanki iko wapi? Nani atakagua kabla hujawasha? Kijana akijibu yote matatu, aachwe afanye kazi yake. Akikosa jibu la pili, watoto waondolewe kwanza, na mbabula izimwe.