Kukariri Si Kujadiliana

Bwana Mtengenezaji,

Tafadhali unipe nafasi katika gazeti letu niwaambie wanachama wenzangu neno moja lisilo tamu. Mazoezi ya Kiingereza tuyafanyayo jioni hapa Soweto, Moshi, kwa ajili ya mtihani wa IELTS, yamekuwa mazoezi ya kasuku. Yakiendelea hivi yatatula fedha na miaka yetu, na nafasi za masomo ya ng'ambo zitakwenda kwa wengine.

Kwanza na tuutazame mtihani wenyewe, maana wengi huuogopa pasipo kuujua. Sehemu ya kusema huchukua dakika 11 hadi 14. Mtahini huanza kwa maswali mepesi juu ya nyumbani na kazi. Kisha humpa mtu karatasi yenye jambo la kueleza, akimwachia dakika 1 ya kufikiri. Na mwisho huja majadiliano ya dakika 4 au 5. Hapo ndipo yatokeapo maswali ya sayansi na elimu. Je, yafaa serikali kugharimia utafiti usioleta faida upesi? Je, mtoto afundishwe sayansi kwa kitabu au kwa vitendo? Alama hutolewa kwa mambo manne yenye uzito sawa: ufasaha na mfuatano wa maneno, msamiati, sarufi, na matamshi. Hapana alama hata moja ya kukubaliana na mtahini, wala ya kumpinga. Lakini yeye anayo ruhusa ya kuligeuza swali na kuuliza, "Kwa nini?" Neno hilo ndilo liwaangushalo wenzetu.

Maana sisi twafanya nini? Twanunua karatasi za majibu yaliyotungwa na watu tusiowajua, twazikariri, kisha twasikilizana mmoja mmoja kama watoto wa katekisimu. Aulizwapo mwanachama, "Sayansi imeifaaje nchi yako?" hutoa maneno ya vyombo vya angani na mashine zenye akili, yote kwa Kiingereza kilichonyoka. Aulizwapo, "Kwa nini wasema hivyo?" hunyamaza, kwani karatasi imekwisha.

Na mtu huyo amezaliwa mlimani! Ameona mifongo ambayo wazee wetu waliichimba kuyashusha maji migombani, wakiupima mteremko kwa macho. Ameona kahawa ikiharibiwa na chulebuni na kutu ya majani, na Lyamungo, ambako utafiti wa kahawa ulianza mwaka 1934, hauko mbali na kwao. Huko ndiko zilikotoka aina za mibuni zistahimilizo magonjwa hayo. Ameona wagonjwa wakiletwa KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, ambako waganga hufundishwa papo hapo wagonjwa watibiwapo. Hayo yote ni sayansi na elimu, na hapana mtahini awezaye kumnyamazisha mtu katika jambo alilolishika kwa mikono yake. Mbona twayaacha ya kwetu tukaazima ya karatasini?

Ugonjwa huu una chanzo chake. Katika shule nyingi za msingi za serikali mtoto hujifunza sayansi kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, somo lile lile humgeukia likawa la Kiingereza. Asipoelewa hukariri, na akikariri hufaulu, basi hujifunza kwamba kukariri ndiyo elimu. Mwaka 1982 Tume ya Rais iliyoongozwa na Bwana Jackson Makweta ilishauri Kiswahili kitumike kufundishia hata sekondari. Shauri hilo halikutekelezwa. Wala lugha ya kufundishia si jambo dogo. Jina la mtaa wetu ndilo jina la Soweto ya Johannesburg, ambako tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi waliandamana kukataa kulazimishwa kusoma hata hisabati kwa Kiafrikana, nao wakapigwa risasi.

Najua nitajibiwa hivi: "Mtihani ni wa Kiingereza. Kiswahili chatufaa nini?" Nami nawaomba wasemao hivyo wautazame mlima wetu. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Mwongozi wake aliutaja weupe ule kwa neno moja tu: baridi. Rebmann alipopeleka habari Ulaya, Bwana Cooley wa London, mtaalamu wa jiografia aliyesifika naye hajapata kuikanyaga nchi hii, alikana katakata kuwa theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Kiingereza chake kilikuwa kizuri, na hoja zake zilipangika. Lakini hakuwa amekwenda kutazama. Mwaka 1861 Baron von der Decken alikuja pamoja na mjuzi wa mawe Richard Thornton, nao wakashuhudia theluji. Basi, nani aliyekuwa mwanasayansi siku ile: yule mwenye vitabu, au mwongozi aliyesema "baridi"? Ufasaha usio na ushahidi haukuiyeyusha theluji hata tone.

Barafu hiyo hiyo yafaa kuwa somo letu leo. Wataalamu wamepima wakaona kwamba kati ya mwaka 1912 na 2007 eneo lake lilipungua kwa asilimia 85 hivi. Wengine huweka mkazo juu ya joto la dunia. Wengine juu ya ukavu wa hewa na upungufu wa theluji ulioanza tangu mwisho wa karne ya 19. Mwanachama akiweza kueleza pande mbili hizi, akachagua mmoja, akatoa sababu, kisha akakubali palipo na shaka, huyo amejua kujadiliana. Asipoweza kwa Kiswahili, hataweza kwa Kiingereza. Na akiweza kwa Kiswahili, kilichobaki ni kutafuta maneno.

Sisemi Kiingereza kitakuja chenyewe. Ulimi hauzoei lugha ila kwa kuisema, tena kila siku. Ndiyo sababu sikubaliani na desturi yetu nyingine mbaya, ya kumcheka mtu akosapo kitenzi. Aliyechekwa mara mbili hasemi mara ya tatu. Na asiyesema hajifunzi. Wenzetu waliotangulia kukijua Kiingereza wakumbuke ya kuwa walifundishwa, hawakuzaliwa nacho.

Kwa hiyo natoa shauri mbele ya chama. Karatasi za majibu ziondolewe kabisa katika mazoezi yetu. Kila jioni lichaguliwe swali moja la sayansi au elimu lenye mfano wa hapa hapa Moshi. Nusu saa ya kwanza tulijadili kwa Kiswahili, wawili wakipingana na mmoja akiuliza "Kwa nini?" bila kuchoka, kisha saa nzima iwe ya Kiingereza kitupu, swali lile lile, bila karatasi na bila kicheko. Makosa yaandikwe kando, yasomwe mwisho. Na asiyekubali shauri hili naye ajitokeze, anijibu katika gazeti hili kwa sababu, wala si kwa kununa.

Ada ya mtihani huu si ndogo kwa mshahara wa karani, na vyuo kwa kawaida huyakubali matokeo yake kwa miaka 2 tu. Mwenzetu akishindwa hulipa tena, na watoto wake ndio wapungukiwao. Chama kilichoundwa ili kututetea mbele ya wakubwa hakiwezi kukaa kimya wanachama wake wakijipoteza wenyewe.

Ni mimi mwanachama mwenzenu,

Karani wa Soweto, Moshi