Mikorosho Haihami: Utungo katika Darasa la Historia

Washairi wenzangu, tumezoea kulalamika kwamba vijana hawatungi tena. Nami nimelalamika hivyo, tena kwa sauti kubwa. Lakini mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha Historia na Uraia katika shule za sekondari, kwanza Kisarawe, kisha Kibaha, na naijua sehemu yangu katika lawama hiyo. Hoja yangu leo ni moja: mwanafunzi haijui jamii yake mpaka aiandike kwa mkono wake, na utenzi ni chombo bora cha kumwandikisha, maadamu mwalimu anaelewa kwamba chombo hicho hicho kinaweza kumfundisha uongo.

Nianze na kosa langu. Chuoni tulifundishwa namna nyingi za kuendesha somo. Nilipokabidhiwa darasa nikafanya kama nilivyofanyiwa mimi. Nilijaza ubao, wanafunzi wakanakili. Sababu za Vita vya Majimaji, moja mpaka sita, kwa Kiingereza; mtihani ukija, wanazirudisha kama walivyozipokea. Siku moja nikiwa Kisarawe niliuliza kwa Kiswahili, "Wazee wenu walikuwa wapi Wajerumani walipolazimisha watu kulima pamba?" Darasa likanyamaza kimya. Pamba ilikuwa katika madaftari yao tangu wiki iliyopita, lakini hakuna aliyedhani kwamba iliwahi kulimwa Uzaramo, katika udongo alioukanyaga asubuhi ile akija shule.

Ndipo nikabadili njia. Niliwatuma nyumbani na swali moja kwa mzee mmoja: ni lini ulihama, na kwa nini? Niliwataka waandike majibu kwanza kama yalivyosemwa, kisha insha fupi, kisha beti tano za utenzi. Sikubuni jambo geni. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi juu ya vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini juu ya Vita vya Majimaji. Wote wawili walikuwa watu wa zama walizozisimulia. Pwani yetu iliandika historia yake kwa mizani kabla serikali haijaichapia vitabu vya kiada.

Binti mmoja wa kidato cha pili aliniletea ubeti huu juu ya Operesheni Vijiji:

Mwaka sabini na nne
babu na nduguze wanne
wakaacha nyumba nne,
mikorosho haihami.

Mizani minane kila kipande, bahari imetulia. Kuna mshairi atakayemsahihisha kwa kurudia neno moja kwenye vina, na atakuwa na haki. Mimi nilishtushwa na jambo jingine. Nilimwuliza, "Nduguze walikuwa wanne kweli? Na nyumba zilikuwa nne?" Akainama. Mwaka aliambiwa na bibi yake. Hesabu nyingine mbili alipewa na kina. Nikamrudisha nyumbani. Kumbe babu alikuwa na ndugu wawili tu, na nyumba zilikuwa tatu. Mwaka akauhamishia ubeti wa nyuma, na wiki iliyofuata akaja na huu:

Nyumba tatu zikabaki,
milango haifungiki,
bibi kulia hataki,
mikorosho haihami.

Katika miaka yangu yote ya ualimu sikupata somo la Historia lililozidi hilo. Kipande cha mwisho hakikubadilika kwa sababu kilikuwa kweli tangu mwanzo. Binti yule alijifunza kwamba chanzo huhojiwa, kwamba sentensi tamu inaweza kuwa ya uongo, na kwamba agizo la mwaka 1973 la watu wote kuishi katika vijiji lilifika hadi mlangoni kwa bibi yake. Alipoandika jibu lake la Kiingereza katika mtihani, aliandika kama mtu aliyekuwa na la kusema.

Nilipohamia Kibaha nilikuta darasa la namna nyingine: watoto wa wafanyakazi, waliotoka mikoa mbalimbali, wasio na bibi wa kumwendea jioni. Nikawauliza, mahali hapa palianzaje? Wengi walipita kila siku mbele ya Shirika la Elimu bila kujua kwamba lilianza miaka ya 1960 kama mradi wa nchi za Nodiki na Tanganyika, lenye shule, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima, na kwamba mwaka 1970 lilikabidhiwa kwa serikali yetu. Niliwataka waandike barua ya mkulima wa kubuni aliyekuja Kibaha kujifunza kilimo, akimweleza mkewe aliyoyaona. Barua nyingi zilianza kwa sifa. Zilizo bora ziliuliza mkufunzi atarudi kwao lini, na akirudi nani atabaki kufundisha. Swali hilo ndilo lililokuwa kiini cha sera yetu ya Kujitegemea, nao walilifikia bila mimi kulitaja.

Najua pingamizi. Mkuu wangu mmoja aliniambia utenzi ni kazi ya mwalimu wa Kiswahili, na muda wa vipindi hautoshi. Kuhusu muda alisema kweli: kusahihisha beti za wanafunzi sabini ni kazi ya usiku kucha, na kuna mihula niliyoshindwa nikarudi kwenye ubao. Lakini beti tano kwa muhula zinawezekana, na wanafunzi wakifundishwa kuulizana "nani alikuambia?" watasahihishana wenyewe kabla daftari halijafika kwa mwalimu.

Sasa mlango uko wazi kuliko wakati wangu. Mtaala ulioboreshwa umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Nachelea tu kwamba tutaingia humo na ubao ule ule, tukawapa watoto orodha za mashujaa wazikariri kwa Kiswahili kama sisi tulivyokariri kwa Kiingereza.

Kwa hiyo, ninyi mnaojua mizani, nendeni katika shule iliyo karibu nanyi mwombe kipindi kimoja. Msiende kughani beti zenu. Wafundisheni watoto kuhesabu mizani kwa vidole, muwatume kwa wazee, na wakirudi na kina kizuri mno, waulizeni kama ni kweli. Lakini fanyeni haraka. Mikorosho ya Kisarawe itakuwapo bado. Bibi aliyeziona zile nyumba tatu hatunaye tena.