Negativu za Nyamongo hazisubiri skana ya mfadhili

Leo nimekuja na ugomvi.

Kila nikizungumza na watu wa vyuo, wa makumbusho na wa yale mashirika yenye magari meupe kuhusu negativu zilizolala kwenye studio za Nyamongo, jibu ni lile lile. Zinahitaji skana ya kitaalamu. Skana inahitaji mradi, mradi unahitaji mfadhili, na mfadhili ana vipaumbele vyake. Kwa hiyo tusubiri. Hivi kweli tunasubiri, wakati panya, mchwa na joto havijaambiwa visubiri?

Kwa wasioijua Kemambo: ni kata ya Tarime katika ukanda wa Nyamongo, jirani na Mto Mara, ukivuka mto uko Serengeti. Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002. Kabla yake walikuwepo wachimbaji wadogo, na kabla yao ng'ombe, mihogo na mtama. Leo penye shimo la Nyabirama na vilima vya mawe palikuwa na miji ya watu, maboma ya ng'ombe na makaburi ya babu zao. Nani aliyapiga picha hayo? Si serikali, wala si sisi waandishi, maana sisi tulianza kufika huko kulipoanza kumwagika damu. Aliyepiga ni fundi wa studio, yule mwenye pazia lililochorwa ziwa na maua, aliyezunguka na baiskeli siku za mnada, harusi na matanga. Mkanda ulipelekwa kusafishwa mjini, mteja akachukua picha yake, negativu ikabaki kwa fundi ndani ya boksi la viatu. Picha ya mteja imekwisha zamani: imeungua na nyumba, imeliwa na mchwa au imepotea kwenye kuhama. Iliyobaki ni negativu.

Na Nyamongo kuna neno moja mnalolijua: tegesha. Mtu anasikia tathmini inakuja, usiku anachomeka miche na kusimamisha kibanda ili alipwe fidia. Wapo waliofanya hivyo, tusidanganyane. Lakini neno hilo limegeuka rungu la kumpiga kila mtu, hata mzee ambaye nyumba yake ilisimama pale kabla mgodi haujawa hata ndoto. Mzee huyo atajiteteaje? Kwa mdomo tu? Nyuma ya picha ya harusi ya mwanaye kuna ile nyumba, kuna ule mti, kuna kilima ambacho sasa hakipo. Sisemi picha moja itamshindia kesi. Nasema asiye na picha hana hata pa kuanzia.

Sasa hii skana ya kitaalamu wanayotutishia nayo. Fremu ya mkanda wa milimita 35 ina ukubwa wa milimita 24 kwa 36. Ni kitu kidogo, bapa, kisichotikisika wala kukimbia. Kinachotakiwa ni mwanga sawasawa kutoka chini, kamera ya dijitali juu, na lenzi inayoona vizuri kitu bapa kwa karibu. Lenzi ya kawaida imeundwa kumwona mtu au mlima. Ukiilazimisha karibu hivyo, katikati panakuwa safi na pembe zinakuwa ukungu. Lenzi ya makro imeundwa kwa kazi hiyo hiyo. Na hapa ndipo wauzaji wanapotupiga changa la macho, eti lazima iwe mpya. Mpya ya nini? Fokasi ya otomatiki ni kwa kitu kinachokimbia. Kizuia mtikisiko ni kwa mkono unaotetemeka. Negativu haikimbii, na kamera imefungwa kwenye stendi.

Chukua Micro-Nikkor ya milimita 55. Nikon waliitoa kwa kamera zao za F mwaka 1961 ikiwa na f/3.5, na miaka ya mwisho ya sabini ikaja ya f/2.8. Peke yake inafika nusu ya ukubwa halisi. Ukiongeza pete yake ya milimita 27.5 inafika ukubwa kamili, moja kwa moja. Ya f/2.8 chunguza vile vibamba vya tundu, hupenda kulowa mafuta vikanasa, ya f/3.5 haina sana ugonjwa huo. Zote mulika na tochi uangalie kuvu, ugonjwa wa lenzi unaopenda unyevu kama wa huku kwetu kandokando ya Ziwa. Na ile iliyotengenezwa kabla ya 1977 usiisokomeze tu kwenye Nikon ya kisasa, baadhi ya kamera huvunjika kidude cha pembeni. Kwenye kamera zisizo na kioo ndani unafunga kwa adapta, mchezo umekwisha.

Hesabu ni rahisi. Kamera ya megapikseli 24, ambayo leo si ya ajabu, inatoa pikseli 6000 kwenye ule upande wa milimita 36. Hiyo ni zaidi ya 4000 kwa inchi. Skana nyingi za mezani zinazotangaza 6400 kwenye boksi, uwezo wake halisi hata nusu ya hiyo haufiki. Tuseme fundi ana mikanda 200 ya picha 36, yaani fremu 7200. Kwa kamera, sekunde 10 kila fremu, ni saa 20 za kazi. Kwa skana ya dakika tatu kila fremu ni saa 360. Nani atakaa saa 360 Nyamongo na umeme huu?

Kazi yenyewe: futa vumbi kwa brashi laini au pampu ya hewa, usipulize kwa mdomo, mate ni adui. Weka kioo kidogo cha kujitazamia mahali pa negativu. Ukiona lenzi inajitazama katikati ya picha, kamera imenyooka. Weka f/8, ISO ya chini kabisa, shata ya kuchelewa sekunde mbili ili kidole kisitikise, na uhifadhi faili la RAW. Kama mwanga unatoka kwenye skrini ya tableti, inyanyue negativu sentimita kadhaa juu yake, la sivyo utapiga picha ya pikseli. Kugeuza rangi kutafanyika baadaye kwenye kompyuta. Ile rangi ya machungwa ya negativu za rangi inasumbua, lakini inaondoka.

Jambo ambalo watu wengi wanalidharau: kabla ya fremu moja moja, piga kipande chote cha mkanda pamoja na kingo zake zenye matundu. Kwenye kingo kuna jina la filamu na namba za fremu. Fremu ya 14 inafuata ya 13, na huwezi kuipachika katikati bila kuonekana. Halafu piga na bahasha, kama fundi aliandika jina au tarehe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki, ila uzito wake unapimwa kwa uaminifu wa jinsi ulivyotengenezwa na kuhifadhiwa. Ndiyo maana wale wanaopiga kwa simu kisha wanachoma negativu "kupunguza takataka" wananitia wazimu. Ya dijitali ni nakala. Negativu irudi kwenye bahasha ya karatasi, mahali pakavu. Ikianza kunuka siki, itenge na wenzake uipige kwanza, hiyo plastiki yake inaoza na hakuna dawa ya kuirudisha.

Wataalamu watanijibu kwa mfano wa Uganda, na ni mfano mzuri. Mwaka 2015 kwenye shirika la utangazaji la nchi hiyo, UBC, kulipatikana negativu karibu 70,000, nyingi za enzi za Idi Amin. Vyuo vikuu vya Michigan na Western Australia vikashirikiana na UBC, na mwaka 2019 kukawa na maonyesho katika Makumbusho ya Uganda, Kampala. Kazi safi, nawapa heko. Lakini angalieni: zile zilikuwa picha za dola, kwenye kabati la dola, na bado zilikaa miongo bila mtu kuzijua. Fundi wa Kewanja hana kabati. Akifa, wanawe wanahitaji chumba cha kupangisha, na boksi linakwenda jalalani siku hiyo hiyo.

Kuna hoja moja ya wapinzani wangu ninayoikubali yote. Kwenye maboksi hayo kuna saro, misimu ya tohara ya Wakurya, na kuna mabinti waliopigwa picha wamevishwa khanga na kuzawadiwa baada ya kukeketwa. Baadhi walikuwa watoto. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa binti wa chini ya miaka 18, na hao leo ni mama za watu. Picha hizo zihifadhiwe, lakini zisirushwe mtandaoni na kijana anayetafuta sifa. Mwenye sura ndiye mwenye neno la mwisho, akifuatiwa na fundi. Nikiona mtu anazimwaga kwenye makundi ya WhatsApp nitamtaja hapa.

Hilo ni suala la adabu, halihitaji skana ya mfadhili.

Kamera ninayo, stendi nitamchongesha fundi seremala, tableti nimeahidiwa. Natafuta Micro-Nikkor ya 55, ya f/3.5, pamoja na pete yake. Wazee wetu mliopiga picha magazetini enzi za mkanda, najua mnazo kabatini mmezifunga kwenye soksi. Semeni bei, ila mkumbuke mshahara wa ripota.