Maziwa Yachemshwe, Mfugaji Afidiwe

Kifua kikuu hakitoki kwa mtu peke yake. Kiko kingine kitokacho kwa ng'ombe, ambacho humwingia mtu zaidi kwa maziwa mabichi, na pengine kwa pumzi, hasa kwa wale wakaao karibu na mifugo au wafanyao kazi machinjioni. Mwaka 1901 bingwa Robert Koch, ambaye ndiye aliyevumbua vijidudu vya kifua kikuu mwaka 1882, aliwaambia madaktari mjini London kwamba maradhi ya ng'ombe si hatari kubwa kwa binadamu. Tume ya Uingereza ikachunguza miaka kumi, na mwaka 1911 ikathibitisha kwamba hatari ipo.

Kwa mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilikadiria wagonjwa wapya wa namna hii kuwa 147,000, na waliokufa 12,500. Afrika ndiyo iliyobeba mzigo mzito kuliko mabara yote. Hapa Tanzania wataalamu wamekwisha kuviona vijidudu hivyo katika ng'ombe na katika watu. Tena ni adui mwenye hila: darubini haiwezi kuvipambanua na vile vya kifua kikuu cha kawaida, na dawa ya pirazinamidi, mojawapo ya zile nne zitumiwazo kwanza, haividhuru.

Basi hatuna budi kuwahimiza wananchi wachemshe maziwa kabla ya kuyanywa au kuyagandisha, maana kugandisha si badala ya kuchemsha. Lakini wasia peke yake hautoshi. Mwenye ng'ombe kumi akitwaliwa watatu bila kulipwa senti, wa nne atamficha, na hapo si haki kumwita mjinga. Marekani ilipoanza mwaka 1917 kupima ng'ombe na kuchinja walioambukizwa, wenye mali walilipwa sehemu ya thamani yao. Ilipofika mwaka 1940, katika kila wilaya maradhi yalikuwa yamepungua hadi chini ya nusu ya asilimia moja.

Kwa hiyo twasema wazi: mkaguzi wa nyama awepo katika kila machinjio, mfanyakazi anayeshika nyama hiyo apewe vifaa vya kumkinga na apimwe afya yake, na mfugaji anayetoa ng'ombe wake kwa usalama wa wote afidiwe na wote. Kumbebesha hasara hiyo peke yake ni dhuluma, na dhuluma haijengi afya ya taifa.