Sakafu Mpya, Lakini Chini Yake Je?

Wengi wetu tulilelewa juu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa kwa nta hadi ikang'aa. Leo anayejenga nyumba mpya hutamani sakafu ya vinili yenye sura ya mbao. Mwezi huu tuzungumze juu ya sakafu hiyo, maana hugharimu pesa nyingi, na mara nyingi ni pesa za chama.

Kwanza tutofautishe. Kuna ile inayouzwa ikiwa imeviringishwa, ambayo hapa Kenya huitwa mkeka wa mbao. Halafu kuna ya vipande virefu vinavyoumana kingo kwa kingo. Vipande hivi havipakwi gundi wala kupigiliwa misumari. Huelea tu juu ya saruji, vikishikana vyenyewe kwa vyenyewe. Hiyo ya pili ndiyo tunayoizungumzia.

Vinili haipitishi maji, na hapo ndipo penye sifa yake na hatari yake. Uji wa mtoto ukimwagika, unafuta tu. Lakini unyevu ulio ndani ya saruji nao hauna pa kutokea. Hubaki chini, na kuvu huota pale tusipopaona. Sisi wauguzi tunajua jinsi kuvu na unyevu unavyowatesa watoto wenye pumu: kikohozi cha usiku, kifua kubana, kukosa usingizi. Mama hulaumu vumbi na baridi, wala hakumbuki kutazama chini ya miguu yake.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua rangi, pima saruji. Mafundi hukadiria kwamba saruji mpya huhitaji kama mwezi mmoja kukauka kwa kila sentimita 2.5 za unene. Sakafu ya sentimita 10 yaweza kutaka miezi 4, na zaidi wakati wa masika. Chukua kipande cha nailoni angavu, sentimita 45 kwa 45, ukibandike sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote nne. Kiache usiku na mchana. Ukikuta matone ndani yake, au saruji imekuwa nyeusi kuliko pembeni, subiri kwanza. Pima kila chumba, hasa karibu na bafu na jikoni.

Saruji ikishakauka, zingatieni haya:

1. Sakafu iwe sawa. Laza ubao ulionyooka wa mita 2. Penye bonde linalozidi milimita 3 pajazwe, la sivyo maungio yatakatika yakikanyagwa.

2. Uliza unene wa tabaka la juu. Milimita 0.3 yafaa chumba cha kulala. Sebuleni, watoto wanakoingia na mchanga, afadhali 0.5.

3. Nunua ziada ya asilimia 10 kwa ajili ya vipande vitakavyokatwa. Vinavyosalia viwekwe kwa matengenezo ya baadaye.

4. Vipande vilazwe ndani ya nyumba siku 2 kabla ya kutandikwa, vizoee joto lake.

5. Fundi aache nafasi ya milimita 6 hadi 10 kando ya kila ukuta, kwa kuwa vinili hutanuka kwa joto. Ubao wa ukutani utaificha. Kabati za jikoni zisijengwe juu yake, kwa maana zitaibana isiweze kusogea, nayo itafura.

Kuitunza si kazi kubwa. Fagia, kisha pangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Usimwage ndoo ya maji, kwani yatapenya kandokando. Nta haihitajiki. Mikeka yenye mpira upande wa chini huacha madoa. Jiko la makaa lisiwekwe juu yake kamwe, maana itaungua; nalo hewa yake ni sumu ndani ya nyumba iliyofungwa.

Najua tutaharakishwa. Fundi anataka kumaliza, baba watoto anataka kuhamia, na wageni wamekwisha kualikwa. Lakini wageni wakikuta saruji tupu iliyofagiwa vizuri, hiyo si aibu. Wataketi, watakunywa chai, watafurahi nanyi. Vinili itasubiri mwezi mmoja zaidi. Kifua cha mtoto kikishaanza kubana hakisubiri.