Gitare moja inatosha

Ndugu wanafunzi, wengine kati yetu wanasema: bila studio kubwa hakuna muziki. Sisi tunakataa. Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar (1946), alitoa albamu yake ya kwanza peke yake, bila kundi lake Queen, mwaka 1985: Mr. Bad Guy. Aliifanya katika studio ya Munich, lakini nyimbo zote 11 zilitoka katika kichwa chake. Na hapa kwetu Likasi, ikiitwa bado Jadotville, mwaka 1952 Hugh Tracey alimukuta Mwenda Jean-Bosco na gitare moja tu, akamurekodi. Ngambo wakasikia!

Gitare ya shule iko inalala ndani ya kabati. Walimu wetu, tunaomba ufunguo, siku ya posho tu.